Jicho hujibu jinsi linavyoulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe hoja kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa afya, iliyoeleza jinsi madaktari wanavyopima umeme wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Nampongeza mwandishi kwa kulileta jambo hili katika Kiswahili, kwa kuwa si wengi wanaolithubutu. Hata hivyo, alipofika kwenye presha ya macho aliandika kwamba mgonjwa akimulikwa kwa mwanga wa ghafla na jicho lake likarudisha umeme wa kutosha, basi retina yake ni nzima na hana sababu ya kuuhofia mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo aliteleza, na kuteleza kwenyewe si kudogo, kwa sababu retina haina jibu moja kwa kila swali. Ukiimulika kwa mwanga mtupu, itakujibu kwa seli zake za nje. Ukiionyesha mchoro, itakujibu kwa seli nyingine za ndani, na ni hizo za ndani ambazo presha ya macho huziua.

Mimi si daktari. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za mkoa huu wa Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na sasa nimestaafu nikiwa na presha ya macho inayofuatiliwa kila baada ya miezi 6. Nimekaa mbele ya mashine ya kupima umeme huo mara mbili, mara ya kwanza kwa hasara na mara ya pili kwa faida, kama nitakavyoeleza. Baada ya hapo nilisoma kila nilichoweza kukipata juu ya kipimo hicho, na nilikisoma kwa macho hayo hayo yaliyopimwa.

Nianze na retina yenyewe. Ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho, na ndani yake seli zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka linalopokea mwanga lina seli zenye umbo la vijiti zipatazo milioni 120, ambazo hutusaidia gizani, na seli zenye umbo la pia zipatazo milioni 6, ambazo hutuonyesha rangi na vitu vidogo mchana. Seli hizo hukabidhi habari kwa seli za kati ziitwazo bipola, nazo bipola huzipa seli za ganglioni, na mikia mirefu ya ganglioni ndiyo inayokusanyika pamoja na kuwa mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Ganglioni hazifiki hata milioni 2. Ni kiasi cha milioni 1 na kidogo tu. Maana yake ni kwamba habari za mapokezi zaidi ya milioni 100 hulazimika kupita katika mlango mwembamba mno, na haziwezi kupita zote kama zilivyoingia. Lazima zipunguzwe, na kinachopunguzwa kwanza ni kile kisicho na habari.

Mwaka 1953 Stephen Kuffler, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwa kutumia macho ya paka jinsi upunguzaji huo unavyofanyika. Kila ganglioni inasimamia kieneo kidogo cha retina chenye kitovu na duara linalokizunguka. Katika aina moja, nukta ya mwanga ikianguka kwenye kitovu, seli hupiga mapigo yake ya umeme haraka zaidi. Mwanga ukianguka kwenye duara, seli hunyamaza. Na kwa aina nyingine mambo huwa kinyume. Ukimwaga mwanga sawasawa kwenye kitovu na duara kwa pamoja, viwili hivyo hupingana na seli hubaki karibu na ilivyokuwa. Mwenye kanga nyumbani na aitandike kitandani aone: seli hizi hazisisimki sana na mji wa kanga pale ulipo mweupe mtupu, ila husisimka pale mji unapokutana na pindo, penye mstari wa weusi na weupe. Kazi yake ni kutangaza mipaka. Kwa hiyo anayetaka kuzisikia ganglioni hana budi kuzionyesha mipaka, na mwanga mtupu uliomwagwa jichoni mzima mzima, hata ukiwa mkali wa kuumiza, hauna mpaka wowote.

Mwanga huo mtupu ndio uliotangulia katika historia. Mwaka 1865 Frithiof Holmgren wa Uppsala, Sweden, aligundua kwamba jicho la chura hubadilisha umeme wake linapopata mwanga, na haukupita muda mrefu James Dewar wa Scotland naye akapata jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1930 Ragnar Granit alilichambua wimbi hilo la umeme vipande vipande, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel ya mwaka 1967 pamoja na Haldan Keffer Hartline na George Wald. Hivi leo tunajua kwamba bonde la mwanzo la wimbi hilo, liitwalo a, linatoka hasa kwa seli zinazopokea mwanga, na kilele kikubwa kinachofuata, kiitwacho b, kinatokana hasa na kazi ya bipola. Ganglioni karibu hazimo kabisa katika mawimbi hayo mawili. Nasema karibu, kwa sababu baada ya b kuna kibonde kidogo ambacho wataalamu wamekihusisha na ganglioni wakati mwanga unapotolewa kwa masharti maalumu. Lakini sicho alichokuwa akikizungumzia mwandishi wako.

Kipimo cha mwanga mtupu kina upungufu wa pili ambao makala haikuugusa. Kwa kuwa retina yote inamulikwa kwa mara moja, umeme unaorudi ni jumla ya retina yote. Makula, yaani kile kieneo kidogo cha katikati tunachokitumia kusoma gazeti hili na kutia uzi kwenye tundu la sindano, ni sehemu ndogo sana ya jumla hiyo. Mtu anaweza kuwa ameharibikiwa makula kiasi cha kutoweza kumtambua mwanawe akiwa hatua tatu kutoka alipo, na kipimo cha mwanga mtupu kikamwambia hana kasoro. Kipimo hakikusema uongo. Kimejibu kuhusu retina nzima kama kilivyoulizwa.

Swali la pili, yaani la mchoro, lilianza kuulizwa kwa utaratibu mwaka 1964, pale Lorrin Riggs na wenzake wawili huko Marekani walipoonyesha watu mistari iliyokuwa ikihamahama badala ya kuwamulika, wakapata umeme mdogo lakini wa hakika. Ubishi ulibaki kwamba pengine umeme huo ni ule ule wa zamani uliopunguzwa nguvu tu. Ubishi huo ulipata jibu lake mwaka 1981 kutoka Pisa, Italia, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu hili ndilo jaribio ambalo mwandishi wa makala angelifahamu asingeandika alichokiandika.

Lamberto Maffei na Adriana Fiorentini walikata mshipa wa jicho moja la paka na kuliacha jicho lenyewe likiwa mahali pake, lenye damu yake na seli zake zinazopokea mwanga. Ganglioni zilizokatwa mikia hazifi siku hiyo hiyo, hudhoofika polepole. Watafiti wakawa wanalipima jicho hilo kwa maswali yote mawili kadiri muda ulivyosonga. Kwa mwanga mtupu jicho liliendelea kujibu kama kawaida. Kwa mchoro, jibu lilipungua kidogo kidogo, na baada ya miezi, ganglioni zilipokuwa zimeharibika, likatoweka. Jicho lilikuwa lile lile, retina ile ile na mashine ile ile; kilichotofautiana ni mchoro. Sijui jaribio la fizikia nililowahi kulifundisha darasani ambalo linatenganisha mambo mawili kwa usafi wa namna hiyo.

Sasa nieleze mchoro wenyewe unavyofanana, kwa kuwa makala ilisema tu kwamba mgonjwa huangalia televisheni. Kinachoonekana kwenye kioo ni ubao wa drafti. Ni miraba myeusi na myeupe iliyopangwa kama ile wanayoipanga wachezaji wa drafti pale Ngamiani, isipokuwa hakuna vizibo juu yake, na katikati pana nukta nyekundu ambayo unaamriwa usiiondolee macho. Kisha, bila kishindo chochote, miraba myeusi inageuka kuwa myeupe na myeupe inageuka kuwa myeusi, mara 4 kwa sekunde. Ujanja wote uko hapo. Nusu ya kioo ni nyeupe kabla ya kugeuka na nusu ni nyeupe baada ya kugeuka, kwa hiyo jumla ya mwanga unaoingia jichoni haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni mahali ulipo weusi na weupe. Mchango wa mwanga mtupu unaopanda sehemu moja ya retina unafutwa na ule unaoshuka sehemu ya jirani yake, na kinachobaki ni kile ambacho hakikubali kufutwa, yaani kazi ya seli zinazojali mipaka.

Hesabu hiyo ni nzuri mradi kioo chenyewe kiwe kinaifuata. Runinga za zamani za chogo ziligeuza miraba sawasawa, lakini vioo vingi vyembamba vya siku hizi huchelewa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, weusi ukichukua muda tofauti kuwa weupe, na hivyo kwa kipande kidogo cha sekunde kioo kizima hung'aa au hufifia. Jicho la mtu halishtuki, ila mashine inashtuka, na mwanga mtupu unarudi kwa mlango wa nyuma kuchafua jibu. Hospitali inayonunua kioo chochote tu dukani na kukiunganisha na mashine hii inaweza kuwa inapima kitu kingine bila kujua.

Jibu la retina kwa drafti hiyo lina sura ya kutambulika. Kwanza huja kibonde kidogo kwenye milisekunde 35 hivi, kisha kilele kwenye milisekunde 50 hivi, kisha bonde pana kwenye milisekunde 95 hivi. Wataalamu wamevipa majina kwa nyakati hizo: N35, P50 na N95, herufi ya kwanza ikionyesha kama umeme umekwenda upande hasi au chanya. Kilele cha P50 hutegemea kwa sehemu ganglioni na kwa sehemu seli za nyuma yake, na hupungua makula ikiwa mgonjwa. Bonde la N95 linatoka kwa ganglioni. Kwa hiyo daktari akiona P50 imeanguka pamoja na kila kitu, hutazama makula kwanza. Akiona P50 imesimama imara na N95 peke yake imenywea, huelekeza shaka yake kwenye ganglioni na mshipa wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, kwamba mchoro mmoja unatoa majibu mawili ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Jibu hilo hubadilika ukiubadilisha mchoro, na mabadiliko yenyewe yanafundisha. Chukua ukubwa wa miraba. Kanuni za kimataifa zinataka kila mraba uwe na upana wa digrii 0.8 hivi kwenye jicho, sawa na sentimita 1.4 ukiutazama kwa umbali wa mita 1. Asiye na rula na akitazame kizibo cha soda akiwa mita 2, atakuwa amekaribia sana. Ukiifanya miraba kuwa midogo mno, lenzi ya jicho lenyewe haiwezi kuitenganisha, weusi na weupe vinachanganyika kuwa kijivu, na jibu linadidimia hata kwa mtu mwenye afya. Ukiifanya kuwa mikubwa mno, kwa mfano digrii 16, kila ganglioni inajikuta imekaa katikati ya mraba mmoja bila mpaka karibu nayo, na kwake yeye inakuwa ni kuwashiwa na kuzimiwa taa tu. Jibu lipo, ila limeanza kufanana na lile la mwanga mtupu. Watafiti wa presha ya macho wameigeuza tofauti hiyo kuwa faida: wanampima mgonjwa kwa miraba midogo na mikubwa, kisha wanalinganisha. Presha ya macho inapoanza kula ganglioni, jibu la miraba midogo hushuka mapema kuliko la miraba mikubwa, na kwa kuwa jicho linalinganishwa na lenyewe, tofauti za kawaida kati ya mtu na mtu hazisumbui sana. Kwa baadhi ya wagonjwa dalili hiyo huonekana kabla kipimo cha upana wa kuona hakijaonyesha doa lolote.

Weusi ukififishwa na weupe ukififishwa hadi vikaribiane, jibu hupungua karibu kwa uwiano ule ule, ndiyo maana kanuni zinataka tofauti ya asilimia 80 au zaidi. Kasi nayo ina neno lake. Kwa mageuko 4 kwa sekunde, retina hupata milisekunde 250 za kumaliza jibu moja kabla ya kuulizwa tena. Ukiongeza hadi mageuko 16, jibu la kwanza halijaisha la pili linaanza, mawimbi yanapandana na kuwa wimbi moja laini linalopanda na kushuka bila kukoma. Hapo huwezi tena kutofautisha P50 na N95, na unachopima ni ukubwa wa wimbi na kuchelewa kwake. Lakini kipimo kinakwenda haraka na kimeonekana kuwa kizuri katika kugundua presha ya macho.

Nije kwenye yaliyonipata. Mara ya kwanza nilipimwa katika hospitali ambayo sitaitaja, mbali na hapa Tanga. Asubuhi walinitia dawa ya matone ya kutanua mboni ili daktari atazame nyuma ya jicho, na mchana, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri kutoka mbali na walinihurumia nisirudi siku nyingine, wakanipeleka moja kwa moja kwenye mashine. Kijana aliyekuwa zamu akaniambia, "Mzee, vua miwani, usogee hapa." Nikavua. Miwani yangu ni namba +3. Kwa umri wangu lenzi ya jicho haijikunji tena, na hata ingekuwa inajikunja, dawa ilikuwa imekwisha kuilegeza. Nilichokiona kwenye kioo hakikuwa drafti bali ukungu wa kijivu uliokuwa ukitikisika kidogo. Sikusema, kwa sababu nilidhani ndivyo ulivyo. Majibu yalitoka yakiwa yamenywea macho yote mawili, P50 kwa N95, na daktari akaniambia kwa upole kwamba nijiandae. Nilirudi Tanga kwa basi la usiku nikihesabu ni vitabu gani nitawapa wajukuu.

Kumbe kipimo cha mwanga mtupu hutaka mboni iliyotanuliwa, lakini kipimo cha mchoro hakitaki matone hayo, tena kinataka miwani. Mara ya pili, mahali pengine, dada aliyenipima aliniuliza kwanza kama siku hiyo nimetiwa dawa yoyote ya macho, kisha akaomba cheti cha miwani yangu, kisha akafanya jambo lililonifurahisha kama mwalimu: akaongeza lenzi ya +1 mbele ya miwani yangu. Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilikuwa ninajua, nami nilitaka tu kumsikia akisema. Akajibu, "Kioo kiko mita moja, mwalimu, na jicho lako halisogezi tena." Namba ya lenzi ni moja gawanya kwa umbali wa mita, na moja gawanya kwa moja ni moja. Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha nne kanuni hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itaamua kama mimi ni kipofu mtarajiwa au siye. Safari hii miraba ilionekana ikiwa na kingo kali kama za mkeka mpya, P50 ikatoka ya kawaida kwa umri wangu, na N95 ya jicho la kushoto ikawa imepungua kidogo, jambo lililolingana na kile daktari alichokuwa amekiona kwenye mshipa.

Nalisimulia hili si kwa kumlaumu kijana wa mara ya kwanza, ambaye huenda alizoezwa kwa kipimo cha mwanga mtupu na akadhani masharti ni yale yale. Ndilo kosa lile lile lililomo kwenye makala yako, isipokuwa lake lilikuwa na mgonjwa mbele yake.

Wapo wanaoogopa kipimo hiki kwa kudhani watapigwa shoti, na jirani yangu mmoja hapa Chumbageni aliahirisha kwenda kwa sababu hiyo. Hakuna umeme unaotiwa jichoni. Mashine inasikiliza tu. Mimi niliwekewa uzi mwembamba kama unywele, uliotiwa madini ya fedha, ukalazwa kando ya kope ya chini hadi ukagusa machozi. Kipande kingine kikabandikwa pembeni mwa jicho kuelekea kwenye panda la uso, na kingine kwenye paji. Uzi ule uliwasha kidogo kama nywele iliyoingia jichoni, nikausahau. Kazi ngumu ni kutopepesa, kwa sababu kope moja ikipepesa hutoa umeme mkubwa kuliko jibu la retina mara nyingi sana.

Udogo wa jibu lenyewe unastahili kuelezwa. P50 ya mtu mzima mwenye afya ni mikrovolti chache tu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mikrovolti 1,500,000. Jibu la mikrovolti 5 ni sehemu moja ya laki tatu ya betri hiyo. Umeme wa misuli ya uso, wa ubongo na wa nyaya za ukutani huumeza. Mashine huupata kwa subira: inarudia swali mara 100 au zaidi na kuyajumlisha majibu. Jibu la retina huja wakati ule ule kila mara baada ya kugeuka kwa miraba, kwa hiyo hujengeka, wakati kelele huja ovyo na hujifuta zenyewe kwa sehemu. Kwa marudio 100 kelele hupungua mara 10, kwa marudio 400 mara 20, na hapo mgonjwa anaanza kusinzia, kwa hiyo wapimaji husimama mahali fulani katikati.

Kwa watu wa pwani jambo hili si la vitabuni. Katika miaka ya 1990 madaktari waliripoti Dar es Salaam ugonjwa wa mshipa wa jicho uliowapata hasa vijana, macho yote mawili yakififia katikati, wengine wakiwa na ganzi miguuni na wengine wakipungukiwa na kusikia, na ripoti za wakati huo ziliuita ugonjwa usiojulikana chanzo. Mtu wa namna hiyo akimulikwa kwa mwanga mtupu anaweza kuambiwa hana tatizo, na akarudishwa nyumbani akiitwa mjanja anayekwepa shule. Vivyo hivyo kwa dawa. Ethambutoli, inayotumika kutibu kifua kikuu, huweza kuudhuru mshipa wa jicho, hasa dozi ikiwa kubwa. Klorokwini ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kuidhuru makula. Aliyedhuriwa na ethambutoli tunatarajia apoteze N95 zaidi, na aliyedhuriwa na klorokwini apoteze P50. Kwa wote wawili, mwanga mtupu unaweza kusema hakuna kitu mpaka madhara yamekwenda mbali.

Ninachokiomba kwako, Ndugu Mhariri, ni marekebisho mafupi katika ukurasa huo huo wa afya, yakieleza kwamba vipimo viko viwili na kwamba jibu zuri la kimoja halisimami badala ya kingine. Kama nafasi itaruhusu, waambieni wasomaji wenye presha ya macho waulize watapimwa kwa mwanga au kwa mchoro. Wa mchoro abebe miwani yake na cheti chake, aseme mapema kama ametiwa matone, na asione haya kusema kama miraba haionekani vizuri. Mimi nilinyamaza, na ukimya ule ulinigharimu nauli mbili.

Liko pia kosa dogo la tarakimu. Makala ilisema jibu la jicho ni milivolti 5. Hata wimbi la b, ambalo ni kubwa kuliko majibu ya mchoro mara nyingi sana, halifiki milivolti moja kamili kwa kawaida. La mchoro ni mikrovolti, pungufu mara elfu. Nadhani najua ilikotoka hiyo 5. Jicho lina umeme mwingine wa kudumu, upande wa mbele ukiwa chanya kuliko upande wa nyuma kwa milivolti kadhaa, uliogunduliwa na Emil du Bois-Reymond wa Ujerumani mwaka 1849, na huo upo hata mtu akiwa amefumba macho, bila kuulizwa swali lolote.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Chumbageni, Tanga.